Kubadilisha kompyuta ya gia kwenye gari la zamani la otomatiki

Jana jioni gari lilikuwa zima. Asubuhi unaliwasha, unaweka D, linaondoka kwa uzito kama limepakia mchanga. Injini inanguruma, spidi haipandi, na gia haibadiliki hata ukanyage mafuta vipi. Kwenye dashibodi taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, gia ya juu kabisa) inawaka na kuzima. Unazima gari, unaliwasha tena, linakwenda vizuri dakika kumi, halafu linarudia yaleyale. Ukimsimulia mtu atakwambia kontroli boksi ya gia, yaani kompyuta ya gia, imekufa, tafuta nyingine ufunge.

Huenda ni kweli. Lakini magari mengi niliyoletewa kwa kilio hicho, kontroli boksi ilikuwa hai, na tatizo lilikuwa kwenye waya, sensa au solenoidi. Na pale ilipokuwa imekufa kweli, mara nyingi kulikuwa na kitu kilichoiua. Ukifunga mpya bila kukitafuta hicho kitu, nayo itafuata njia hiyohiyo, pengine siku hiyohiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni vipimo. Kazi yenyewe ya kuchomoa na kuchomeka haimalizi saa moja.

Ninazungumzia magari ya otomatiki ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000 ambayo kompyuta ya gia ni boksi linalojitegemea, lenye soketi zake. Hakikisha kwanza kama lako ni la aina hiyo. Kwenye baadhi ya magari ya miaka hiyo kompyuta ya injini ndiyo inayoendesha na gia, zote kwenye boksi moja. Na kwenye mengi ya baadaye kompyuta imezamishwa ndani ya giaboksi lenyewe, juu ya bodi ya vali. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Inachofanya, na kwa nini gari linakwama gia moja

Kompyuta ya gia inapokea habari kutoka sehemu kadhaa: spidi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, spidi ya inayotoka, umekanyaga mafuta kiasi gani, oili ina joto gani, leva iko wapi, umeshika breki au la. Ikishapiga hesabu inapeleka umeme kwenye solenoidi, ambazo ni vali ndogo za umeme zilizomo ndani ya giaboksi. Solenoidi zinafungua na kufunga njia za oili, na presha ya oili ndiyo inayobana klachi na kuingiza gia.

Kompyuta ikiona habari isiyoaminika, kwa mfano shafti inayotoka imesimama wakati injini inavuta, inakata umeme wa solenoidi zote. Giaboksi linabaki kwenye gia moja ambayo njia zake za oili hazihitaji umeme, mara nyingi ya pili au ya tatu, ili uweze kufika unakokwenda bila kuliharibu. Hii ndiyo hali ya kujilinda. Watu wengi wanaichukulia kama ushahidi kwamba kompyuta imekufa, kumbe ni kinyume chake: kompyuta iliyoweza kugundua kosa, kuliandika na kuwasha taa, mara nyingi bado inafanya kazi yake.

Kabla ya kufungua chochote

Angalia oili ya giaboksi. Kwenye Toyota na Kijapani nyingine nyingi hupimwa giaboksi likiwa limepata moto, injini ikiwaka, leva ikiwa P. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu uliopita. Oili iliyopungua huleta dalili zilezile za kompyuta mbovu: gia kuchelewa, kuingia kwa kishindo, injini kupaa bila gari kwenda. Oili nyeusi inayonuka kuungua, au yenye unga unaometameta ukiipaka kidoleni, inakuambia tatizo limeshafika kwenye klachi, na hakuna kompyuta itakayolirudisha.

Betri nayo. Ikiwa imepumzika iwe karibu na volti 12.6, na injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kisha fanya kipimo ambacho wengi wanakiruka. Weka multimita kwenye volti za AC, pima palepale kwenye betri injini ikiwaka na taa kubwa zimewashwa. Ukipata zaidi ya volti 0.5 za AC, daiodi za oltaneta zina kasoro, na umeme huo mchafu unaivuruga kompyuta mpaka ionekane imechanganyikiwa.

Baada ya hapo uliza historia. Kuna mtu aliunganisha betri kinyume? Gari lilichomelewa bila kutoa waya wa betri? Injini iliogeshwa kwa maji ya presha? Maji yaliwahi kuingia ndani, zulia likakaa na unyevu? Jibu la ndiyo kwa mojawapo linakupa pa kuanzia.

Kusoma makosa

Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, ambao kompyuta za gari hutolea makosa yake, kwa magari mapya tangu 1996, na Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001. Kama gari lako lina soketi ya pini 16 na linafuata mfumo huo, chomeka mashine ya kusoma makosa. P0700 peke yake haina maana kubwa: ni kompyuta ya injini ikisema kwamba kompyuta ya gia ina malalamiko, nenda kaiulize yenyewe. Mashine za bei ndogo zinaishia hapo, kwa hiyo tumia inayoingia kwenye upande wa giaboksi.

P0705 ni swichi ya leva. P0715 ni sensa ya spidi ya shafti inayoingia, P0720 ya inayotoka. P0740 ni klachi ya toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), na P0750 ni solenoidi A. Zote hizi zinaelekeza nje ya kompyuta. Zinazoielekeza kompyuta yenyewe ni kama P0601 na P0605, ambazo ni makosa ya kumbukumbu ya ndani, na P0613 ambayo ni ya kichakataji cha kompyuta ya gia. U0101 inasema mawasiliano na kompyuta ya gia yamekatika, lakini fyuzi iliyoungua au ethi (hasi inayofungwa kwenye bodi ya gari) iliyolegea hutoa kosa hilohilo. Usiichukue kama hukumu.

Magari ya zamani zaidi husema kwa taa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, unaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, au pini ya 13 na ya 4 kama lina soketi ya pini 16 ndani. Washa swichi bila kuwasha injini, swichi ya O/D iwe imewashwa, kisha hesabu taa ya O/D OFF. Ikimweka haraka kwa mpangilio usiobadilika, hakuna kosa lililoandikwa. Ikimweka mara sita, ikatulia, ikamweka mara mbili, hiyo ni 62, solenoidi namba 1. 63 ni namba 2, 64 ni solenoidi ya lokapu, yaani ya klachi ya toki konveta, 42 na 61 ni sensa za spidi. Hakikisha umeshika pini sahihi kabla ya kuunganisha, kwa sababu ukikosea unaweza kuchoma kitu kilichokuwa kizima. Kwenye Subaru za miaka hiyo, taa ya joto la oili ya giaboksi, au ya POWER kwa zile za mwanzo, inayomweka mara 16 unapowasha injini inakuambia kompyuta ya gia imeandika kosa.

Andika kila kosa kwenye karatasi. Futa, endesha, soma tena. Kosa linalorudi mara moja na linalorudi gari likishapata moto hayatafutwi kwa njia moja.

Mtihani wa kuchomoa solenoidi

Huu ndio kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu unaitoa kompyuta kabisa kwenye hesabu. Chomoa soketi ya solenoidi kwenye giaboksi, halafu endesha gari ukibadilisha gia mwenyewe kwa leva, mahali patupu pasipo na magari. Kwenye Toyota nyingi za gia nne za miaka ya 1990, bila umeme wa solenoidi L inakupa gia ya kwanza, 2 inakupa ya tatu, na D inakupa ya nne. Rivasi inafanya kazi kama kawaida. Magari mengine yana mpangilio wao, na kitabu cha ufundi cha modeli yako kinao.

Anza na L, ondoka, sogeza 2, kisha D. Mizunguko ya injini ishuke kwa hatua kila unaposogeza. Gia zote zikishika bila kuteleza, giaboksi lenyewe ni zima na unatafuta tatizo la umeme. Zikiteleza au rivasi isishike, acha kutafuta kompyuta; tatizo liko kwenye oili, vali au klachi. Nimeshuhudia watu wakinunua kompyuta mbili mfululizo kwa gari ambalo klachi zake zilikwisha zamani. Mtihani huu wa robo saa ungewaokoa. Ukimaliza rudisha soketi na ufute makosa, kwani kompyuta itakuwa imeandika kwamba solenoidi zimepotea.

Umeme unaoingia

Tafuta mchoro wa waya wa gari lako, wa modeli, mwaka na injini ileile. Usikisie rangi za waya. Kwenye soketi ya kompyuta unatafuta pini tatu za msingi: chanya ya kudumu inayotunza kumbukumbu, chanya ya swichi, na ethi. Ethi zinaweza kuwa mbili au zaidi.

Hapa multimita peke yake inadanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12, kwa sababu multimita haivuti umeme. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunganishie waya mbili. Soketi ya kompyuta ikiwa imechomolewa na swichi imewashwa, shikisha waya mmoja wa balbu kwenye pini ya chanya na mwingine kwenye hasi ya betri. Balbu iwake kwa nguvu ileile inayowaka ukiiweka moja kwa moja kwenye betri. Kisha geuza: waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye pini ya ethi. Ikiwaka kwa unyonge wa mshumaa, umepata tatizo, na huhitaji kununua chochote ila kusugua boliti ya ethi na kuifunga upya. Fanya hivi kwenye pini za chanya na ethi tu, usiguse za sensa. Na usichomeke kitu kinene kwenye tundu la pini. Likipanuka halitashika tena, na umejitengenezea kosa la kuja na kuondoka ambalo litakusumbua miezi.

Kisha tikisa waya. Multimita ikiwa imeunganishwa, pindapinda mkanda wa waya pale unapopita kwenye ukuta wa injini, pale unapogusa giaboksi, na pale unapokaribia bomba la moshi. Namba ikiruka, simama hapohapo.

Solenoidi: muuaji wa kawaida

Ukitaka kupima solenoidi, usianzie chini ya gari. Anzia kwenye soketi ya kompyuta ikiwa imechomolewa, betri imetolewa, multimita ikiwa kwenye omu. Ukipima kutoka pale unapima solenoidi pamoja na waya wote wa kuifikia, yaani njia ileile ambayo kompyuta inaiona. Kwenye Toyota nyingi solenoidi za kubadilishia gia zimefungwa ethi kwenye giaboksi na kompyuta ndiyo inayopeleka chanya, kwa hiyo unapima kati ya pini ya solenoidi na ethi. Kwenye magari mengine ni kinyume, unapima kati ya pini na waya wa chanya wa pamoja.

Solenoidi za kubadilishia gia za Toyota huwa kati ya omu 11 na 15 zikiwa baridi. Za Honda ni kati ya 12 na 25. Zile za kurekebisha presha zina omu chache zaidi, mara nyingi kati ya 3 na 6, kwa hiyo usizichanganye.

Tazama hesabu hii. Solenoidi ya omu 13 kwenye volti 12 inavuta chini kidogo ya ampea 1. Koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya solenoidi, ikishikana na kubaki na omu 3, inavuta ampea 4. Transista iliyomo ndani ya kompyuta, yaani swichi ndogo ya kielektroniki iliyokusudiwa kuisukuma ampea moja, inaungua. Unachokiona wewe ni kompyuta iliyokufa. Unafunga nyingine, gari linaondoka vizuri, gia ya pili inaitwa, koili ileile inavuta ampea 4, na transista ya pili inaungua. Ndiyo sababu sifungi kompyuta kwenye gari lolote kabla sijapima solenoidi zake zote na kuandika namba zake.

Pima mara mbili: gari baridi, halafu baada ya kuendesha nusu saa. Omu hupanda kidogo kwa joto, na hilo ni la kawaida. Ikishuka ghafla au ikipotea kabisa, solenoidi hiyo inabadilishwa kwanza. Sensa za spidi za koili zipime papo hapo. Nyingi za Toyota ni kati ya omu 560 na 680.

Kufungua boksi na kutazama

Vipimo vyote vikitoka sawa na gari bado linasumbua, sasa kompyuta inashukiwa kwa haki. Iko wapi inategemea gari. Nyingine ziko nyuma ya dashibodi, nyingine kwenye ubavu miguuni, nyingine kwenye boksi maalumu chini ya boneti. Kwenye Audi A4 na Volkswagen Passat za mwisho wa miaka ya 1990 iko chini ya zulia la mbele, mahali ambapo maji hujikusanya matundu ya kuyatoa yakiziba.

Kabla hujafungua kifuniko, angalia soketi. Niliwahi kuchomoa soketi moja ndani ya gari, mbali kabisa na giaboksi, nikakuta tone jekundu limetulia kwenye mdomo wa pini. Nilifikiri ni kinywaji kilichomwagika. Nilipolinusa lilikuwa oili ya giaboksi. Raba ya soketi kule chini ilikuwa imechoka, oili ikaingia ndani ya waya na kupanda kidogo kidogo katikati ya nyuzi za shaba, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, mpaka ikafika kwenye kompyuta. Kosa hili linajulikana sana kwenye Mercedes-Benz zenye giaboksi la 722.6. Ukikuta oili, badilisha soketi ya giaboksi na raba zake kwanza, safisha waya, kisha ndipo uhukumu kompyuta.

Ukifungua kifuniko, shika bodi ya saketi iliyomo ndani kwa kingo, na kabla yake gusa chuma tupu cha gari ili umeme tuli utoke mwilini. Kwenye mwanga mkali utatafuta vitu vitatu. Kwanza, ukungu mweupe au wa kijani kwenye miguu ya vipande, ambao ni maji. Pili, lehemu iliyopasuka, hasa kwenye miguu ya soketi kubwa na ya transista zinazopata moto: utaona kiduara chembamba cheusi kuzunguka mguu, kama ufa kwenye udongo mkavu. Lehemu ya namna hiyo ndiyo inayofanya gari lifanye kazi likiwa baridi na kugoma likipata moto. Tatu, kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo. Za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zina tabia ya kuvuja. Chini yake bodi inakuwa na rangi ya kahawia na kung'aa kama imepakwa mafuta, na ukisogeza pua utasikia harufu ya samaki. Maji hayo yanakula shaba ya bodi.

Lehemu na kapasita vinatengenezeka na mtu mwenye mkono uliozoea. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, ya kuhimili nyuzi joto 105 za Selsiasi, na chanya ikae kwenye chanya. Safisha bodi kwa alkoholi ya aisopropili na brashi laini. Kama shaba imeliwa hadi njia zimekatika, au transista imepasuka, mimi naona afadhali kutafuta kompyuta nyingine.

Kutafuta nyingine

Soketi kuingia si kipimo. Magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na kompyuta tofauti kwa sababu injini, uwiano wa difu au nchi lilikouzwa ni tofauti, na ukifunga isiyo yake gia zitabadilika mahali pasipo pake. Fuata namba ya spea iliyobandikwa kwenye boksi, yote, hadi herufi ya mwisho. Kwenye Toyota namba ya kompyuta ya gia huanza na 89530 au 89535. Ukiona 89661, hiyo ni ya injini. Nissan huanza na 31036, Subaru na 31711. Namba ikiwa imefutika, itafute kwa kutumia namba ya chesisi.

Ukinunua iliyotumika, ifungue uitazame kama ulivyotazama yako, kwani inatoka kwenye gari la umri uleule na kapasita zake zina umri uleule. Uliza pia kama gari lako linahitaji kompyuta isajiliwe kwa mashine. Magari mengi ya Ulaya yanahitaji, na wakati mwingine namba za usajili husomwa kutoka kwenye ile ya zamani, kwa hiyo zisome na kuziandika kabla ya kuichomoa. Ikiwa ya zamani haisomeki, fundi wa bodi anaweza kuhamisha chipu ya kumbukumbu kutoka boksi moja kwenda jingine.

Kubadilisha

Simamisha gari mahali tambarare, handibreki juu, leva P. Kama redio ina namba ya siri, iwe mkononi. Toa ufunguo, kisha toa waya wa hasi wa betri. Ikiwa kompyuta iko karibu na mifuko ya hewa, subiri kabla ya kugusa. Toyota wanataka angalau sekunde 90, na mimi husubiri dakika tano kwa gari lolote.

Toa vifuniko vya plastiki polepole. Klipu za plastiki ya zamani huvunjika kama biskuti, na gari likiwa la moto kidogo zinakubali vizuri zaidi. Piga picha ya soketi na jinsi waya zilivyolala kabla hujachomoa. Bonyeza kufuli ya soketi na uvute soketi yenyewe. Usivute waya. Fungua boliti za boksi, na uangalie kama mojawapo inashikilia waya wa ethi. Hiyo isugue mpaka chuma king'ae.

Puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme kwenye soketi, iache ikauke, tazama kila pini kama imenyooka na iko kwenye kimo kimoja na wenzake. Chomeka kompyuta mpya hadi usikie klipu ikilia. Ifunge kwa boliti zake zote. Isiachwe ikining'inia, kwa kuwa mtikisiko ndio ulioipasua lehemu ya kwanza. Usirudishe vifuniko bado. Rudisha hasi ya betri mwisho.

Kama kuna usajili wa mashine, fanya sasa, betri ikiwa imeunganishwa na chaja inayoshikilia volti karibu 13. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta inaweza isiamke tena.

Kuizoesha na kuijaribu

Washa swichi tu kwanza, bila injini. Taa ya gia iwake na kuzima kama mtengenezaji alivyopanga. Futa makosa ya zamani. Washa injini, shika breki kwa nguvu, pitisha leva P, R, N, D na kurudi, ukikaa sekunde chache kila mahali. Unasikiliza gia ikishika kwa utulivu bila kishindo.

Kompyuta nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 hujifunza zenyewe jinsi klachi za giaboksi lako zilivyochoka, na zikiwa mpya hazijui lolote. Baadhi zinahitaji mashine ifute kumbukumbu ya zamani, hasa iliyotoka gari jingine. Lipashe oili moto kwa kuendesha robo saa. Kisha, kwenye barabara iliyonyooka, ondoka ukikanyaga mafuta kidogo na kwa usawa mpaka gia zote zipite, achia, ruhusu gari lipunguze spidi lenyewe, simama kabisa. Rudia mara kumi hivi. Mabadiliko ya mwanzo yanaweza kuwa magumu kidogo, na yawe yanalainika kila mzunguko. Kishindo kikizidi badala ya kupungua, simama usome makosa. Usiendelee kwa kudhani itazoea.

Ukirudi, soma makosa tena injini ikiwa ya moto. Weka kiganja kwenye boksi la kompyuta: joto la wastani ni sawa, lakini likikushinda kushika, kuna solenoidi inayovuta umeme kupita kiasi, rudi kwenye vipimo vya omu. Yote yakiwa sawa, rudisha vifuniko. Baada ya wiki moja ya matumizi ya kawaida, soma makosa mara nyingine hata kama hakuna taa iliyowaka.

Ile ya zamani usiitupe. Iandikie kwa kalamu nzito tarehe uliyoitoa, makosa iliyokuwa nayo na omu za kila solenoidi ulizopima siku hiyo, uifunge kwenye mfuko mkavu na kuihifadhi. Transista zake nzima, soketi yake na chipu yake ya kumbukumbu ndivyo fundi wa bodi atakavyoviomba siku hii mpya itakapohitaji kufunguliwa.